Satchel Paige: Mrushaji Aliyekawizwa Miaka Ishirini na Miwili

Kawia ufike, husema Waswahili, wala hawaelezi itakuwaje iwapo msafiri hakukawia kwa hiari yake bali alizuiwa njiani. Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Agosti 1948, msafiri wa aina hiyo alisimama katikati ya uwanja wa Comiskey Park, kusini mwa jiji la Chicago, nchini Marekani. Jina lake lilikuwa Leroy Paige, ingawa ulimwengu wa besiboli ulimjua kwa lakabu ya Satchel. Alikuwa na umri wa miaka 42, umri ambao wenzake wengi katika mchezo huo huwa wamekwisha kustaafu na kugeuka makocha au wenye maduka. Alikuwa ameifanya kazi ya kurusha mpira kwa malipo tangu mwaka wa 1926. Hata hivyo, kwa mujibu wa daftari za ligi kuu za Marekani, usiku huo alikuwa mgeni aliyeingia mwezi mmoja tu uliopita.

Uwanja ulifurika. Waliohesabiwa kwa tiketi walikuwa 51,013, na nje umati uliokosa nafasi uliyasukuma malango hata baadhi ya watu wakapenya bila kulipa. Wengi wao walikuwa Wamarekani Weusi kutoka mitaa ya kusini mwa Chicago. Hawa walikuwa wamemtazama Paige katika uwanja huo huo miaka mingi kabla, wakati ambapo wenye ligi kuu walidai kwamba hapakuwa na mchezaji Mweusi aliyestahili kuitwa. Hapana shaka walijua kilichokuwa kikipimwa. Kama angepigwa vibaya mbele ya halaiki ile, wale waliosema ameletwa ili kuvutia wateja wangepata ushahidi wao, na ushahidi huo ungewaangukia wengi waliokuwa wakisubiri nyuma yake.

Pengine inafaa kueleza, kwa manufaa ya msomaji ambaye macho yake yamezoea kandanda na riadha, namna besiboli inavyochezwa. Timu mbili hupokezana zamu tisa za kupiga na kulinda. Mrushaji husimama juu ya kijilima na kumtupia mpigaji mpira mgumu, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha akimbie kupitia vituo vitatu na kurejea alikoanzia. Akikamilisha mzunguko huo, timu yake hupata alama moja. Akishindwa kuupiga mpira mara tatu, au mpira wake ukidakwa hewani, hutolewa. Wakitolewa watatu, zamu imekwisha. Kwa hiyo mrushaji anayeumaliza mchezo wote hana budi kuwaondoa wapigaji 27, mmoja baada ya mwingine, na kosa moja la mkono laweza kumgharimu. Kuwamaliza wote hao bila kuruhusu hata alama moja ni sifa ambayo kila mrushaji huitamani na wachache huizoea.

Paige alizaliwa tarehe 7 Julai 1906 mjini Mobile, jimbo la Alabama, katika familia ya watoto kumi na wawili. Baba yake, John, alikuwa mtunza bustani. Mama yake, Lula, alikuwa dobi. Tarehe hii ya kuzaliwa inaandikwa hapa kwa wepesi, lakini yeye mwenyewe aliigeuza kuwa kitendawili cha maisha yake yote. Kila mwandishi wa habari aliyemuuliza umri alipewa jibu tofauti. Mara nyingine alidai kwamba rekodi ya familia iliandikwa ndani ya Biblia, na kwamba Biblia hiyo ililiwa na mbuzi. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja hila hii: mtu aliyenyimwa nafasi katika kumbukumbu rasmi alijitungia kumbukumbu zake, akajijengea mighani angali hai. Maisha ya Paige yamejaa visa vya namna hiyo, na si vyote vinavyoweza kubebwa kama ukweli.

Hata lakabu yake ina wasimulizi zaidi ya mmoja. Kisa kinachokubaliwa na wengi ni kuwa akiwa mtoto alibeba mizigo ya abiria katika stesheni ya reli ya Mobile, na kwa kuwa malipo yalikuwa kwa kila mkoba, alibuni njia ya kuitundika mikoba kadhaa kwenye kijiti kwa kamba ili aibebe kwa mpigo mmoja. Wenzake walipomwona wakamwita Satchel, yaani mkoba. Lipo pia simulizi la pili lisilompendeza sana, kwamba jina hilo alipewa baada ya kukamatwa akijaribu kutoroka na mkoba wa abiria.

Lisilo na utata ni kwamba mnamo Julai 1918, akiwa na umri wa miaka 12, alihukumiwa kwa wizi mdogo na utoro wa shule, akapelekwa katika shule ya kurekebishia watoto Weusi huko Mount Meigs, Alabama. Alikaa humo zaidi ya miaka mitano. Ni rahisi kuisimulia miaka hiyo kama msiba, na hakika ni msiba mtoto wa miaka 12 kutengwa na mama yake kwa sababu ya vijitu vya madukani. Lakini Mount Meigs ndipo alipopata chakula cha uhakika, masomo kiasi, na mwalimu aitwaye Edward Byrd aliyemfunza kurusha mpira. Byrd aliona kwamba kijana huyu mrefu, mwembamba, mwenye miguu isiyokwisha, angeweza kuunyanyua mguu wa kushoto juu hewani kabla ya kuachilia mpira, hivi kwamba mpigaji akaona mguu kwanza na mpira baadaye. Mtindo huo ndio uliokuja kuchorwa na kupigwa picha katika kila jimbo la Marekani.

Alitoka Mount Meigs mwishoni mwa 1923, akacheza na timu ya mtaani ya Mobile Tigers, na mwaka wa 1926 akaajiriwa na timu ya Chattanooga katika ligi ya Weusi ya Kusini. Mwaka uliofuata alijiunga na Birmingham Black Barons.

Hapa hapana budi kusitisha masimulizi kidogo. Ubaguzi wa besiboli haukuwa sheria iliyoandikwa ukutani. Moses Fleetwood Walker, mchezaji Mweusi, alicheza katika ligi iliyohesabiwa kuwa kuu mnamo 1884. Baada ya hapo wenye timu walielewana kimyakimya, na mwafaka huo wa kimya ulidumu zaidi ya miaka sitini. Maadamu haukuwa umeandikwa, hakuna aliyelazimika kuutetea, na huenda ndiyo sababu ulidumu. Mnamo 1920, katika mji wa Kansas City, Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi ya taifa ya Weusi. Timu zake zilikodi viwanja vya Wazungu siku ambazo wenyewe walikuwa safarini, zikasafiri kwa mabasi usiku kucha, na aghalabu zikakosa hoteli ya kulala wala mkahawa wa kuwauzia chakula. Huko ndiko Paige alikokulia kisanii.

Kasi ya mpira wake ilikuwa jambo la kwanza walilolizungumzia wapigaji. Jambo la pili lilikuwa shabaha. Alijizoeza kuupitisha mpira juu ya kitu kidogo kuliko kituo chenyewe, na inasimuliwa kwamba aliweza kuangusha chupa au kupitisha mpira juu ya karatasi ya peremende. Mirusho yake aliipa majina kama mfugaji anavyowaita ng'ombe wake. Upo mmoja uliovuma kwa jina la mrusho wa kusita: aliunyanyua mkono, akatua mguu, kisha akasimama nukta moja kana kwamba amesahau jambo, na mpigaji akiwa amekwisha kulizungusha gongo, mpira ndio kwanza ukatoka. Pamoja na hayo yote alikuwa bingwa wa majigambo. Katika mechi za maonyesho, kwa mujibu wa simulizi nyingi, aliwaamuru walinzi wake wakae chini nyuma yake kisha akawatoa wapigaji bila msaada wao. Watazamaji walilipa kuyaona hayo, naye alijua bei yake.

Kujua bei yake ndiko kulikomfanya asitulie. Mwaka wa 1931 alijiunga na Pittsburgh Crawfords, timu ya mfanyabiashara Gus Greenlee, ambako mdakaji wake alikuwa Josh Gibson, mpigaji ambaye nguvu zake zilikuwa hadithi nyingine kamili. Mwaka wa 1934, katika mashindano ya nyota wa Mashariki na Magharibi yaliyochezewa katika uwanja ule ule wa Comiskey Park, Paige aliingia wakati wa zamu ya sita bila bao kupatikana upande wowote, akarusha zamu nne za mwisho bila kufungwa, na Mashariki ikashinda kwa alama 1 kwa nunge. Halaiki iliyokuwapo siku hiyo ilikuwa ya Weusi karibu yote. Chicago White Sox, wenye uwanja, wangeweza kumwajiri keshoye asubuhi. Waliikodisha nyasi yao, wakapokea fedha, wakanyamaza.

Kandarasi kwake zilikuwa kama nyayo mchangani. Mwaka wa 1933, na tena 1935, aliwaacha Crawfords akaenda Bismarck, mji mdogo wa North Dakota, ambako muuza magari mmoja, Neil Churchill, alikuwa akiunda timu ya mchanganyiko wa Weusi na Wazungu. Inasimuliwa kwamba yeye na mkewe walikosa nyumba ya kupanga katika mji huo, wakaishi ndani ya behewa kuukuu la gari la moshi. Hata hivyo, mwaka wa 1935 timu hiyo ilikwenda Wichita, Kansas, katika mashindano ya taifa ya timu zisizo za ligi kuu, ikashinda mechi zake zote saba. Paige alishinda nne kati ya hizo na kuwatoa wapigaji 60 kwa kuwafanya waukose mpira. Hayo yalitukia miaka kumi na miwili kabla ya ligi kuu kugundua kwamba wachezaji wa rangi mbili wanaweza kukaa katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Si kila uamuzi wake unaostahili kupambwa. Mwaka wa 1937 wajumbe wa Jamhuri ya Dominika walimfuata na mkoba wa dola 30,000 ili yeye na wenzake wanane wakaichezee timu ya jiji kuu, lililokuwa limepewa jina la dikteta Rafael Trujillo. Alikwenda, akamchukua Gibson na wengine, na Crawfords haikupona kutokana na pigo hilo. Timu ya Trujillo ilitwaa ubingwa. Baadaye Paige alipenda kusimulia jinsi askari wenye bunduki walivyouzunguka uwanja siku ya fainali, naye akirusha kana kwamba kushindwa ni kupigwa risasi. Kisa hicho huwachekesha wasikilizaji. Kinachosahauliwa ni kwamba mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Trujillo aliamuru maelfu ya Wahaiti wachinjwe mpakani. Paige hakuwa na habari ya yatakayotokea, na mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba yake ana haki ya kubisha kwa jirani. Lakini kumsimulia bila kuutaja upande huo ni kumfanya kikaragosi cha kuchekesha.

Mwaka wa 1938, akichezea nchini Mexico, mkono wake wa kulia uliuma hata akashindwa kuuinua. Madaktari hawakumpa matumaini. Alikuwa na umri wa miaka 32, hana akiba, na wenye timu aliowatoroka hawakuwa na haraka ya kumhurumia. Aliyemwokoa ni J. L. Wilkinson, mwenye timu ya Kansas City Monarchs, Mzungu aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa ligi ya Weusi. Wilkinson alimweka katika timu ya pili iliyozunguka miji midogo, ambako watu wangelipa hata kumwona tu akirusha mpira polepole kwa zamu mbili tatu. Katika mwaka wa 1939 mkono ulirejea, na hakuna aliyeeleza kwa hakika kwa nini. Paige aliyerudi hakuwa yule wa zamani wa kasi tupu. Sasa alikuwa amejifunza kuupinda mpira, kuuchelewesha, kuusoma uso wa mpigaji.

Ubora wa miaka hiyo ya Monarchs ulionekana mwaka wa 1942, walipoichapa Homestead Grays mechi nne bila kupoteza katika fainali ya ligi za Weusi. Ndipo kinapotoka kisa mashuhuri kuliko vyote: kwamba Paige aliwaachia wapigaji kwa makusudi hadi vituo vyote vikajaa ili akutane na Josh Gibson, rafiki na mshindani wake, kisha akamtoa kwa mirusho mitatu huku akimtangazia kila mrusho kabla ya kuutupa. Wachunguzi waliozipitia taarifa za mechi hiyo wanakubali kwamba Gibson alitolewa vituo vikiwa vimejaa, ila hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa wapigaji wa kabla yake waliachiwa kwa makusudi. Simulizi haikungoja ushahidi. Imekwisha kusambaa na itaendelea.

Mwaka wa 1945 Jackie Robinson alijiunga na Monarchs, akacheza msimu mmoja, kisha Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers akamwajiri. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson aliingia uwanjani Brooklyn na mwafaka ule wa kimya ukavunjika. Rickey alikuwa na sababu zake: Robinson alikuwa kijana, alikuwa amesoma chuo kikuu, alikuwa afisa wa jeshi wakati wa vita, na angeweza kuvumilia matusi bila kujibu. Paige hakuwa hata moja kati ya hayo. Aliliunga mkono jambo hilo hadharani, lakini hakuficha kwamba lilimuuma. Kwa miongo miwili yeye ndiye aliyejaza viwanja, yeye ndiye aliyewashinda nyota wa Wazungu katika ziara za baada ya msimu, na mlango ulipofunguliwa aliyepitishwa alikuwa mtu mwingine. Yamkini hakuna sehemu ya maisha yake iliyo ngumu kuisoma kama hii, kwa kuwa aliyemtangulia alistahili kabisa, naye pia alistahili.

Bill Veeck, mwenye timu ya Cleveland, alikuwa amemsajili Larry Doby mnamo Julai 1947, mchezaji Mweusi wa kwanza katika Ligi ya Amerika, ambayo ni mojawapo ya ligi kuu mbili. Mwaka uliofuata Cleveland ilikuwa ikiwania ubingwa na ilihitaji mrushaji wa akiba. Abe Saperstein, mwenye timu ya mpira wa vikapu ya Harlem Globetrotters, ndiye aliyempendekeza Paige. Nahodha na meneja wa timu, Lou Boudreau, hakushawishika hadi alipochukua gongo mwenyewe akajaribu kumpiga. Inasimuliwa kwamba Veeck aliweka sigara chini mahali pa kituo, na mirusho minne kati ya mitano ikapita juu yake. Tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, Paige alitia sahihi.

Kelele zikapaa. J. G. Taylor Spink, mhariri wa gazeti la The Sporting News lililoheshimiwa kuliko yote katika mchezo huo, aliandika kuwa kumwajiri mtu wa umri huo ni kuishusha hadhi ya ligi, na kwamba lau angekuwa Mzungu asingefikiriwa kamwe. Hoja hiyo ilikuwa na ujeuri wake. Lau angekuwa Mzungu angeajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini, wala pasingekuwa na haja ya kumfikiria akiwa mzee. Rais wa ligi naye, Will Harridge, aliupiga marufuku mrusho wa kusita.

Paige alianza kwa kuingizwa katikati ya mechi, mara ya kwanza tarehe 9 Julai. Tarehe 3 Agosti alipewa mechi ya kuianza mwenyewe, dhidi ya Washington, mbele ya watu 72,434 mjini Cleveland, akashinda. Kisha wakasafiri hadi Chicago.

Yasemwe ya haki kuhusu wapinzani wa usiku ule. White Sox ya mwaka wa 1948 ilikuwa timu dhaifu, iliyomaliza msimu mkiani kwa kushinda mechi 51 na kupoteza 101. Anayetaka kuupunguza uzito ushindi wa Paige ana pa kushikia. Lakini warushaji wengi wa nusu umri wake walikutana na timu hiyo hiyo mwaka huo na wakafungwa. Yeye aliimaliza mechi nzima, zamu zote tisa, bila kupumzishwa. Wapigaji wa White Sox waliupiga mpira na kufika kituoni mara tano tu, wala hakuna hata mmoja aliyefanikiwa kuumaliza mzunguko. Mchezo uliisha kwa alama 5 kwa nunge.

Hakuhitaji mrusho wa kusita. Alichotumia ni kile alichokipata katika Mount Meigs, Birmingham, Bismarck na katika mabasi ya Monarchs: kutokuwa na pupa. Alitembea kuelekea kijilimani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kisimani asubuhi, jambo lililowaudhi wapinzani kila mahali alipocheza, akaupeleka mpira pale alipotaka upite. Na katika nyasi ile ile iliyomkodisha mwaka wa 1934, sasa jina lake liliandikwa katika rekodi ambazo hakuna mhariri angeweza kuzikana.

Siku saba baadaye, tarehe 20 Agosti, timu hizo zilirudiana mjini Cleveland. Waliofika walikuwa 78,382, idadi ambayo haikuwa imewahi kuonekana katika mechi ya usiku. Paige aliruhusu mapigo matatu tu, na Cleveland ikashinda kwa alama 1 kwa nunge. Hivyo katika mechi tatu alizozianza tangu mwanzo wa Agosti, watazamaji waliolipa walifika 201,829. Inasimuliwa kwamba Veeck, mtu wa utani, alikuwa akimpelekea Spink simu ya maandishi kila Paige aliposhinda, akimkumbusha asimsahau mzee huyo atakapochagua mchezaji mchanga bora wa mwaka.

Paige alimaliza msimu akiwa ameshinda mechi sita na kupoteza moja. Cleveland ilihitaji mechi ya ziada dhidi ya Boston Red Sox ili kuupata ubingwa wa ligi, kwa hiyo ni dhahiri kwamba bila ushindi wake sita isingefika hapo. Fainali ya mwaka huo dhidi ya Boston Braves ilimpa kidogo mno. Boudreau hakumpa mechi ya kuianza, akamwingiza mara moja tu, katika mechi ya tano ambayo tayari ilikuwa ikipotea, na hata zamu moja kamili hakuirusha. Alikuwa mchezaji Mweusi wa kwanza kurusha mpira katika fainali hiyo. Cleveland ilitwaa kombe, na Paige alibaki na kinyongo ambacho hakikumtoka upesi.

Yaliyofuata yanaweza kupitiwa kwa haraka. Msimu wa 1949 haukuwa mzuri, akaachwa. Veeck alipoinunua St. Louis Browns mwaka wa 1951 alimwita tena, na mwaka wa 1952, akiwa na miaka 46, alirusha zamu 12 dhidi ya Detroit bila kufungwa, akashinda kwa alama 1 kwa nunge. Mwaka wa 1965 timu ya Kansas City Athletics ilimpandisha kijilimani kwa mechi moja akiwa na miaka 59. Ilikuwa biashara ya tiketi: walimwekea kiti cha kubembea kando ya uwanja na muuguzi wa kumhudumia. Alirusha zamu tatu dhidi ya Boston, akaruhusu pigo moja tu, akaondoka bila kufungwa. Kiti kilikuwa cha kuchekesha watu, mirusho haikuwa.

Mwaka wa 1968 ilibainika kwamba amepungukiwa na siku 158 za utumishi ili astahili pensheni ya ligi kuu. Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miongo minne alikuwa anapungukiwa na siku, kwa sababu siku zake nyingine zote hazikuhesabiwa. Atlanta Braves ilimwandikisha ili azimalize.

Mnamo Februari 1971 ilitangazwa kwamba ataingizwa katika jumba la kumbukumbu la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, New York, wa kwanza kuteuliwa kwa kazi yake katika ligi za Weusi. Ila mpango ulikuwa kuwatengea wachezaji hao sehemu yao peke yao. Waandishi na mashabiki walipiga kelele, wakuu wakaona aibu, na ilipofika tarehe 9 Agosti bamba lake lilitundikwa pamoja na ya wengine wote.

Tarehe 5 Juni 1982 uwanja mmoja mjini Kansas City ulipewa jina lake, naye akahudhuria sherehe akiwa katika kiti cha magurudumu. Alifariki siku tatu baadaye, tarehe 8 Juni, katika mji huo huo.

Mnamo Desemba 2020 wasimamizi wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba ligi za Weusi za kati ya 1920 na 1948 zihesabiwe kuwa ligi kuu, na mwaka wa 2024 takwimu zake ziliunganishwa na zile rasmi. Tangu hapo rekodi ya Leroy Paige haianzi tena na tarehe 9 Julai 1948. Inaanza Birmingham, Alabama, mwaka wa 1927.